Mwenye duka, chungulia kapu la taka la kaunta

Kabla ya kufungua duka langu hapa Chuno, Mtwara mjini, nilikuwa mtunza stoo kwenye supamaketi kubwa. Huko ndiko nilikopata tabia ya kuangalia kinachotupwa kabla ya kuangalia bei.

Hasara kubwa zina wahasibu wake. Mimi huvutwa na zile ndogo zinazojirudia kila siku. Mteja akilipa kwa kadi, mashine inatoa karatasi mbili, na ya kwake anaiacha palepale. Maboksi mazima yanachomwa nyuma ya jengo, wakati mtaani anayehama nyumba anayatafuta kwa hela. Friji za vinywaji zisizo na milango zinapangwa karibu na mlango wa kuingilia. Hewa ya baridi ni nzito, inamwagika chini, na kwa joto letu la Desemba mashine haipumziki hata dakika.

Kwa nini kampuni yenye mameneja kibao haishtuki? Nilichokiona ni kwamba anayeona siye anayelipa. Keshia hajawahi kushika bili ya umeme, na anayeilipa yuko makao makuu, hajui friji imekaa wapi. Si kwetu tu. Marekani, maduka ya CVS yalivuma kwa risiti ndefu zilizojaa kuponi. Ufaransa ilibidi watunge sheria mwaka 2016 kuyazuia maduka ya zaidi ya mita za mraba 400 yasiharibu chakula kinacholika ambacho hakikuuzwa. Hilo la chakula ndilo linaloniuma zaidi.

Wewe mwenye duka dogo unaona mwenyewe na umeme wa LUKU unanunua mwenyewe. Itumie nafasi hiyo. Jioni mwaga kapu la kaunta uone limejaa nini. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, mpe kila mteja, hiyo ni sheria. Ila karatasi ya kadi, mashine ikikuruhusu kuchagua, muulize kwanza kama anaihitaji. Nunua friji ya mlango wa kioo, iweke mbali na jua. Mkate wa jana upunguze bei asubuhi, usisubiri uote ukungu.

Na wewe uliyeajiriwa duka kubwa, usiende kwa meneja na malalamiko matupu. Mimi nilipolalamika hakuna aliyenisikiliza. Nilipoandika roli za karatasi tunazomaliza kwa wiki na bei yake, meneja alivuta kiti, akaniuliza na maboksi je.