Protini Haitulii: Maswali Yenu na Majibu

*Umbo la protini limeshachorwa kitabuni. Kuliigiza tena kwenye kompyuta kuna haja gani?*

Mchoro ule ni wa protini iliyobanwa ndani ya fuwele, kigumu kilichopangika kama punje ya chumvi. Angalia myoglobini, inayohifadhi oksijeni kwenye misuli. Umbo lake lilimpatia John Kendrew Nobeli ya Kemia mwaka 1962, lakini ukilikagua huoni upenyo wa oksijeni kufikia chuma kilichomo ndani. Na bado oksijeni inaingia na kutoka kila siku! Ndani ya maji protini inatikisika, mianya inafunguka na kujifunga. Hilo ndilo tunalolitafuta.

*Shikamoo mwalimu. Kompyuta inafanya nini hasa?*

Marahaba. Inapiga hesabu za Newton za mwendo. Inakokotoa nguvu zinazoivuta na kuisukuma kila atomu, inaisogeza kidogo, kisha inaanza upya. Kila hatua ni femtosekunde 2 hivi (femtosekunde ni sekunde 1 ukiigawanya kwa 1 yenye sufuri 15), kwa hiyo kufikisha mikrosekunde 1 tu, yaani sehemu ya milioni ya sekunde, unahitaji hatua milioni 500. Mwaka 1977 wanasayansi McCammon, Gelin na Karplus waliigiza BPTI, protini ndogo ya kongosho la ng'ombe, kwa pikosekunde 9 hivi (pikosekunde ni femtosekunde 1,000). Mwaka 2010 Anton, mashine iliyoundwa kwa kazi hii pekee, iliifikisha BPTI hiyohiyo milisekunde 1, yaani sehemu ya elfu ya sekunde.

*Maji yanakula muda wa kompyuta. Niyaondoe?*

Usiyaondoe. Ule uigaji wa 1977 haukuizungushia protini maji, ila wakati ule hapakuwa na namna. Maji hupunguza mvutano wa chaji mara 80 hivi. Bila hayo, vijitawi vya atomu vinavyochomoza juu ya protini hugandamana.

*Mgonjwa anafaidika nini?*

Mwaka 2004 uigaji wa integrasi, kimeng'enya ambacho VVU hutumia kupachika jeni zake kwenye seli, ulionyesha mfereji ambao fuwele haikuuonyesha, mahali ambapo dawa ingeweza kujishikiza. Raltegravir, dawa ya kwanza ya kuzuia integrasi, iliidhinishwa Marekani mwaka 2007. Wapo wanaosema kompyuta ndiyo iliyoizaa. Wanatia chumvi: wakemia walishakuwa na molekyuli zao za kuanzia. Dolutegravir inayotolewa kliniki zetu ni ya ukoo huohuo.

*Laptopu yangu itatosha?*

Kwa protini ndogo, ndiyo, hasa ikiwa na kadi ya grafiki. GROMACS ni programu ya bure ya uigaji huu. Rudia uigaji mara kadhaa kwa kasi tofauti za mwanzo za atomu; mwanya ukifunguka mara moja tu, usikimbilie kuandika tasnifu.