Maswali ya Wasomaji: Linux Darasani, na Ubishi wa "Elimu ya Zamani"

*Ndugu wahariri, salaam. Shule yetu ya sekondari ipo Pasua, Moshi. Tuna kompyuta 18 za mezani, Core i5 za kizazi cha tatu, RAM GB 4, Windows 10. Fundi katuambia Windows 11 hazibebi. Mimi nataka tuweke Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Mwalimu wa taaluma anasema huko ni kushusha viwango: watoto watamaliza hawajui Word, na cha bure hakina mwenyewe wa kukilaumu kikiharibika. Tuamueni.*
*Mwalimu wa TEHAMA, Moshi*

Kwenye mashine, haki ni yako. Kwenye Word, mwenzako ana hoja, ila kaishika kwa upande usio na mpini.

Fundi wenu kasema kweli. Windows 11 inadai kipande cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na kwa upande wa Intel, prosesa rasmi zinaanzia kizazi cha nane. Zenu ni za kizazi cha tatu. Masahihisho ya bure ya usalama kwa Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine hazikuzimika siku ile, na hapo ndipo watu wanapojidanganya: zinawaka kama jana, lakini kila tundu linalogunduliwa sasa linabaki wazi. Microsoft iliziwekea shule mlango wa kulipia: dola 1 kwa mashine mwaka wa kwanza, 2 wa pili, 4 wa tatu, kwa kupitia mikataba ya leseni za jumla. Kama Windows zenu ni halali, huo ni muda wa kupumua. Kama zilifunguliwa kwa kraki, yaani programu ya kuvunja leseni, mlango huo hauwahusu.

Kabla ya kugusa Linux, fungueni mashine moja. Diski ya zamani ya kuzunguka ndiyo inayoifanya kompyuta ionekane mzee. SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) ya GB 240 inaamsha i5 ya kizazi cha tatu kuliko kitu kingine chochote mtakachonunua. RAM iongezwe hadi GB 8 mkiweza, na muwe waangalifu dukani: mashine za umri huo nyingi zinatumia RAM ya aina ya DDR3, na kipande cha DDR4 hakiingii hata ukikisukuma. Badilisheni pia betri ndogo ya bodi, CR2032. Ikifa, tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa kila umeme unapokatika, kisha kivinjari kinakataa kufungua tovuti kikidai si salama. Walimu wengi hulaumu intaneti kwa kosa la betri ya volti 3.

Tungechagua Linux Mint 22, aina ya Xfce, ambayo imeahidiwa masahihisho hadi 2029. Inakubali kuanzia RAM GB 2 na nafasi ya GB 20. Pakueni faili mara moja tu, liandikeni kwenye flashi ya GB 8, kisha washeni mashine kupitia flashi bila kusakinisha. Kwenye Dell bonyezeni F12 inapowaka. HP nyingi ni F9. Ikiwa hai kwenye flashi, jaribuni sauti, projekta, printa na mtandao. Wi-Fi ikigoma, mara nyingi ni kadi ya Broadcom inayohitaji draiva ya kupakuliwa, na huwezi kupakua bila mtandao. Chomekeni waya wa mtandao, au simu kwa waya wa USB, mvuke hapo.

Mkiridhika, tayarisheni mashine moja kikamilifu, kisha nakilini diski yake kwenye nyingine kwa programu ya Clonezilla. Mambo mawili huharibu kazi hapa. Diski inayopokea isiwe ndogo kuliko ile mnayonakili, hata kwa tofauti kidogo. Na mkimaliza, kila mashine ipewe jina lake, la sivyo mtakuwa na kompyuta zote zinaitwa "lab01" na faili za pamoja zitakuwa vurugu. Ili kuokoa bando, wekeni programu iitwayo apt-cacher-ng kwenye mashine moja: masahihisho yanapakuliwa mara moja, nyingine za Linux zinachota kwake.

Wanafunzi wapeni akaunti ya mgeni. Inajisafisha kila anapotoka, hakuna wa kubadilisha picha ya ukutani wala kuficha michezo. Lakini inasafisha pamoja na insha aliyoandika kipindi kizima, kwa hiyo flashi au folda ya pamoja iwepo kabla ya kipindi cha kwanza. Msisubiri kilio cha kwanza.

Mashine mbili ziacheni na Windows zikiwa na leseni na masahihisho ya kulipia. Mkitaka Windows na Linux zikae kwenye diski moja, zimeni kwanza ile "kuwaka haraka" ya Windows na BitLocker (kufuli la Windows la kuficha yaliyomo kwenye diski). Vinginevyo Linux itaona diski ya Windows kama iliyolala na kukataa kuandika humo.

Sasa Word. Mwaka 2007 Microsoft iliondoa menyu zilizozoeleka na kuleta utepe wa vichupo. Aliyekariri kuwa kitu fulani kipo mstari wa tatu wa menyu ya pili alianza upya. Aliyeelewa mitindo ya vichwa, jedwali la yaliyomo lenye kujijaza na ukurasa wa mlalo alihangaika wiki moja. Fundisheni hayo kwenye LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi za Word na Excel, kisha mwanafunzi arudie kazi ileile mara mbili kwa muhula kwenye zile mashine za Windows. Hoja ya mwenzako itakuwa imejibiwa kwa vitendo.

Kuna kero moja ya kweli. Fonti za Calibri na Cambria ni za Microsoft. LibreOffice isipokuwa nazo huweka nyingine, mistari inasogea, na mtihani wa kurasa 4 unatoka kurasa 5 steshenari. Sakinisheni Carlito na Caladea, ambazo herufi zake zina upana uleule. Kwenye mipangilio ya kuhifadhi, chagueni .docx iwe ya kudumu. Kinachokwenda kuchapwa kiende kikiwa PDF, kila mara.

Na "cha bure"? Bure na huria ni vitu viwili. Microsoft huzipa shule zilizokubaliwa toleo la Office la mtandaoni bila malipo, na bado ni mali yake. Huria maana yake unaruhusiwa kuuona msimbo, kuubadili na kuugawa (wengine huuita kodi, lakini TRA haihusiki). Ruhusa hiyo ndiyo iliyowezesha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004 bila kumpigia mtu magoti. Takwimu za zahanati zetu hupita kwenye DHIS2, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, nayo ni huria. Wa kulaumiwa wapo. Ila kwenye kompyuta 18 za shule, wa kwanza kulaumiwa ni mtakayemkabidhi funguo za chumba, awe ametumia Linux au Windows.

*Wahariri, heshima yenu. Mimi ni mwalimu mstaafu, Marangu. Mnashabikia kompyuta, lakini zamani darasa la nane la middle school lilitoa mtu anayeandika barua ya Kiingereza bila kosa. Leo kidato cha nne hawezi. Division One ya wakati ule mlikuwa mnaijua kwa jasho. Viwango vimeanguka, mkubali mkatae.*

Shikamoo Mwalimu. Tunakubali nusu, na nusu tunaomba tubishane kwa adabu.

Kiingereza kwanza. Middle school ilifundisha kwa Kiingereza. Tangu 1967 shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na mtoto hukutana na Kiingereza cha masomo karibu yote ghafla kidato cha kwanza. Kumpima kijana wa leo kwa barua ya Kiingereza ni kumpima kwa lugha aliyoisoma kama somo moja hadi anamaliza shule ya msingi, dhidi ya lugha uliyosomea hesabu, jiografia na sayansi. Mpime kwa hesabu, na kwa barua ya Kiswahili ya kuomba kazi. Akishindwa hapo, Mwalimu, hatuna cha kumtetea.

Kisha waliopimwa. Nafasi za sekondari zilikuwa chache, na aliyefika kidato cha nne alikuwa amechujwa mara kadhaa. Ada ya shule za msingi iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, mpango wa sekondari wa 2004 ukaleta shule za kata, na tangu Januari 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ikafutwa. Waliokuwa wakibaki shambani sasa wanakaa kwenye mtihani. Wastani ukishuka kwa sababu hiyo, hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa mjinga zaidi.

Na rula yenyewe imebadilishwa tukiwa tumeishika. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalitangazwa, yakafutwa, yakakokotolewa upya mwaka 2013. Ukafuata mfumo wa wastani wa pointi (GPA), kisha madaraja yakarudi. Siku hizi A inaanzia 75, B 65, C 45, D 30. Ukisema "Division One ya zamani" na "ya leo", umetaja jina moja la vitu viwili.

Lakini malalamiko yako si ya kupuuzwa. Mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu wa darasa la kwanza na la pili, ulioanza 2015, ulikuwepo kwa sababu watoto walikuwa wanapanda madarasa bila kujua kusoma. Serikali haitungi mtaala mzima kujibu uvumi. Kingine ni maswali ya kuchagua. Karatasi ya maswali 40 yenye majibu matano kila moja inampa asiyejua chochote wastani wa alama 8 kwa kubahatisha, na mwalimu haoni mtoto alipopotelea kwenye kukokotoa.

Kama una karatasi zako za zamani, fanya hivi. Chagua maswali 10 ya hesabu yaliyo kwenye mihtasari yote miwili. Badilisha inchi, ratili na senti ziwe vipimo vya leo, vinginevyo utapima msamiati. Wape darasa zima, si wale watano wa mbele. Majina yafichwe, asahihishe mtu asiyewajua, na alama zitolewe kwa njia, si kwa jibu pekee. Kisha linganisha na madaftari ya alama ya shule yako ya zamani kama yapo. Kumbukumbu yako usiiweke kwenye mizani. Tunawakumbuka waliofaulu, kwa sababu waliofeli hawakurudi kutusalimia.

*Ninaandaa matokeo ya shule tatu hapa Ngarenaro, Arusha. Fomula yangu ya gredi imempa A mwanafunzi ambaye hakufanya mtihani. Nilihama kutoka Excel kwenda LibreOffice. Je, programu ya bure ndiyo mbovu?*

Hapana. Excel ingekufanyia vilevile. Bila shaka uliandika X kwa asiyefanya. Kwenye programu zote mbili, neno linahesabiwa kuwa kubwa kuliko namba yoyote, hivyo "X ni 75 au zaidi?" jibu linakuwa ndiyo, na A inatoka. Hali ni hiyohiyo ukichapa herufi O badala ya sifuri kwenye 60. Seli tupu nayo inahesabika sifuri na kutoa F. Tumia hii:

=IF(ISNUMBER(B2),IF(B2>=75,"A",IF(B2>=65,"B",IF(B2>=45,"C",IF(B2>=30,"D","F")))),"X")

Ikigoma, badilisha mikato kuwa nukta-mkato. Inategemea lugha iliyowekwa kwenye kompyuta. Angalia pia desimali. Wastani wa 44.6 ukionyeshwa bila desimali unasomeka 45, lakini gredi inatoka D, na mzazi atakuja. Kama shule inakadiria, weka ROUND(B2,0) palipo na B2 kwenye kulinganisha. Kama haikadirii, onyesha desimali. Na pointi za daraja ni za masomo saba bora: saba za A ni pointi 7, na Division One inaishia 17. Ukijumlisha masomo yote tisa utawashusha watoto wako mwenyewe.

*Shikamooni wahariri. Nipo kidato cha nne, Sakina. Nataka kusomea ujenzi chuo cha ufundi. Kaka kanipa AutoCAD ya kraki. Niitumie, au nianze na za huria?*

Marahaba. Kraki iache. Karibu zote zinakudai uzime kwanza kinga ya virusi, na hilo peke yake lingekutosha kukimbia. Sheria ya hakimiliki ya 1999 nayo inalinda programu za kompyuta. Autodesk, kampuni yenye AutoCAD, hutoa leseni ya bure kwa wanafunzi, mwaka mmoja mmoja, ukithibitisha unasoma. Huko kazini AutoCAD utaikuta, kwa hiyo ijue. Ila inataka RAM GB 8 kwa uchache. Kompyuta yako ikiwa ndogo, anza na LibreCAD, programu huria ya kuchora, hifadhi kwa faili la aina ya DXF, na utaifungua chuoni. Kwa ramani jifunze QGIS, ambayo ni huria na wapima ardhi wanaitumia kwa kazi za kulipwa.

Chora chumba unacholala, kwa futikamba, uchape kwa kipimo cha 1:100. Kabla ya mstari wa kwanza weka kizio kuwa milimita. Mchoro uliowekwa inchi ukiingizwa kwenye wa milimita hukuzwa mara 25.4, na mlango wa milimita 900 unakuwa karibu mita 23.