Umeme mdogo au umeme kidogo?

SWALI: Naandika makala kuhusu chipu za kompyuta zinazobuniwa kwa kuiga ubongo. Niliandika kuwa "zinatumia umeme mdogo", mhariri akabadili ikawa "umeme kidogo". Akafuta pia maneno "maada inayokumbuka", akisema kitu kisicho na uhai hakikumbuki. Nani yuko sahihi? Na je, niseme maada au nyenzo? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Kwenye umeme, mhariri wako yuko sahihi kwa sentensi ile. Lakini usilitupe lako, maana makala yako itayahitaji yote mawili.

Kivumishi -dogo hupatana na nomino yake na hueleza ukubwa au nguvu ya kitu. "Kidogo" cha kiasi hakibadiliki: maji kidogo, chumvi kidogo, muda kidogo. Mtu akikwambia leo umeme ni mdogo, unajua taa zimefifia na friji haipozi. Msukumo wake, yaani volti, umeshuka. Akisema ametumia umeme kidogo, anazungumzia matumizi. Pasi inaweza kupata umeme mdogo siku nzima na bado ikala umeme mwingi.

Ubongo una sifa zote mbili. Mshtuko mmoja wa seli ya neva ni takriban sehemu ya kumi ya volti: huo ni umeme mdogo. Na ubongo mzima huendeshwa kwa takriban wati 20 tu: hapo ndipo pa kusema nishati kidogo. Carver Mead wa Caltech, chuo kikuu cha Marekani, aliyeanzisha fani ya chipu zinazoiga ubongo mwishoni mwa miaka ya 1980, alisisitiza sana hili la pili. Chipu ya TrueNorth ya kampuni ya IBM, iliyotangazwa mwaka 2014, ina transista (swichi ndogo mno za umeme) bilioni 5.4 zinazoiga seli za neva milioni 1, na ikiwa kazini hutumia takriban miliwati 70. Hakuna atakayelalamika ukiandika "kidogo sana". Hilo "sana" lina kazi, kwa sababu "inatumia umeme kidogo" peke yake yaweza kusikika kama "inatumia umeme kiasi fulani". Mimi ningependelea "inabana umeme" au "haili umeme", maneno ambayo wauza friji na mafundi wanayatumia kila siku na yanaeleweka papo hapo.

Kwenye kukumbuka nasimama nawe. Mwaka 1971 mhandisi Leon Chua alitoa hoja ya kihesabu kwamba pamoja na rezista, kapasita na indakta, vijenzi vitatu vya msingi vya saketi za umeme, panapaswa kuwepo cha nne, kinachokumbuka umeme uliopita ndani yake. Mwaka 2008 watafiti wa maabara ya kampuni ya kompyuta ya HP, wakiongozwa na Stanley Williams, wakatangaza kuwa wamekipata katika oksidi ya titani. Ukinzani wake, yaani kiasi kinavyozuia umeme kupita, hubadilika kulingana na umeme uliopita ndani yake, na ukikata umeme hubaki vile vile. Kwenye kompyuta ya kawaida umeme mwingi hupotea kwa kusafirisha data kati ya hifadhi na kichakataji. Maada ya namna hii inaweza kuhifadhi na kukokotoa palepale. Kwa hiyo maneno aliyoyafuta mhariri ndiyo yanayoeleza kwa nini umeme unaotumika ni kidogo.

Kiswahili hakijawahi kuvinyima vitu vitenzi vya watu. Gari linakataa kuwaka, mlango unagoma kufunguka, na hakuna anayedhani vina nia. Sarufi inachodai ni upatanisho: maada inakumbuka, kamwe si "anakumbuka". Tahadhari yangu ni moja. Kukumbuka kwetu mara nyingi ni jambo lililotoka akilini kurudi, ilhali kwenye oksidi hii halikutoka kabisa. Mara ya kwanza andika "hubaki na athari ya umeme uliopita", kisha tumia "hukumbuka" bila woga.

Nyenzo ni kitu cha kufanyia kazi, kama gogo la kusukumia mzigo mzito. Oksidi ya titani ni maada.