Mnaoanza kupima vichocheo kwa infraredi, msiamini kila kilele

Wadogo zangu, nimeletewa tena spektra (mchoro wa infraredi iliyofyonzwa na sampuli) yenye kilele kizuri, kimechorewa mshale na kuandikwa "kiungo cha kati", yaani kitu ambacho mmenyuko hupitia kabla ya kutoa zao. Ushahidi? Kinaonekana mmenyuko ukiendelea. Jamani, huo haujawa ushahidi.

1. Bakigraundi (kipimo cha rejea tunacholinganisha na sampuli) ipimwe kwenye joto lilelile la sampuli. Ya asubuhi, seli (chombo cha kupimia) ikiwa baridi, haifai kwenye nyuzi 300.

2. Ondoeni spektra ya gesi kabla ya kutaja kilichoshika uso wa kichocheo. CO inayoelea ina vilele pande zote mbili za 2143 cm⁻¹ (kipimo cha nafasi ya kilele). Iliyoshika atomu moja ya platinamu huwa karibu na 2070, iliyoshika mbili hushuka hadi karibu na 1850. Na kwenye seria (oksidi ya seriamu, CeO₂) iliyopoteza oksijeni, kilele kidogo karibu na 2120 si CO hata kidogo: ni elektroni za ioni za seriamu, Ce³⁺. Hiki kimewaponza wengi.

3. Hapa ndipo mnaponiumiza. Mnaona fometi (vipande vya HCOO vilivyoshika uso) zimejaa juu ya Pt/CeO₂, yaani platinamu juu ya seria, mnahitimisha kuwa mmenyuko unapitia hapo. Lakini kinachomenyuka haraka hakipati muda wa kurundikana! Abiria waliojaa stendi tangu asubuhi hawakuambii basi limebeba nani. Mwaka 2004 Goguet, Meunier na wenzao wa Belfast walichunguza CO₂ na haidrojeni zikitoa CO na maji. Mmenyuko ulipotulia, wakabadili CO₂ ya kawaida wakaweka yenye kaboni-13 (kaboni nzito kidogo, ambayo vilele vyake husogea), joto na mtiririko wakaviacha vilevile, huku spektromita ya masi, inayotambua molekuli kwa uzito, ikisoma gesi inayotoka. CO yenye kaboni-13 ikaanza kutoka mapema. Fometi zikabaki nyuma, zikibadilika polepole mno. Nyingi zilikuwa watazamaji. Kaboneti (vipande vya CO₃ vilivyoshika uso) ndizo zilizokwenda sambamba na CO. Tazameni uzuri wa jaribio hilo: hawakuuliza nani yupo, waliuliza nani anaondoka kwa kasi ya zao. Ila msilibebe jibu lao kila mahali. Ukibadilisha joto au mmenyuko, fometi zinaweza kushika nafasi nyingine, kwa hiyo pimeni upya.

Gesi ya kaboni-13 ni ghali, iombeni mapema. Ikikosekana, kateni kiitikio kimoja (mojawapo ya gesi zinazoingia) na mlinganishe kasi ya kilele kupungua na kasi ya zao kupungua. Ni kipimo dhaifu zaidi, lakini kinashinda mshale mtupu.

4. Naitrojeni kimiminika ya kupoza kigunduzi cha infraredi ijazwe kabla ya kubadili gesi, kamwe si katikati.