Arabuni, Amana au Malipo ya Awali?

Swali: Katika mkataba wa kununua kiwanja nimeandikiwa kwamba mnunuzi "ataweka amana ya asilimia 20 ya bei". Mwenzangu anasisitiza kuwa ilifaa kuandikwa "arabuni". Je, maneno haya yana maana moja?

Jibu: Hayana maana moja, na mwenzako ana haki ya kusisitiza. Amana ni mali unayomkabidhi mtu akutunzie, nayo hubaki kuwa yako mpaka utakapoitaka. Ndiyo maana fedha zilizowekwa benki huitwa amana, na anayeitumia amana ya mwenzake bila idhini huhesabiwa kuwa amefanya hiana. Arabuni, ambayo wengine huiandika arubuni, ni sehemu ya bei inayotangulizwa ili kuthibitisha kwamba mnunuzi amekusudia kununua na kwamba muuzaji hatamuuzia mtu mwingine. Ukishatoa arabuni ya asilimia 20, deni lako ni asilimia 80 iliyobaki. Ukiweka amana ya kiasi hicho hicho, kwa maana halisi ya neno bado unadaiwa bei yote, na amana yako inakungoja. Mkataba unaochanganya mambo haya mawili unapanda mbegu ya ugomvi.

Neno arabuni limetoka katika Kiarabu, na katika sheria ya Kiislamu lina mjadala wake mrefu: mnunuzi akikamilisha ununuzi, fedha hizo huhesabiwa ndani ya bei; akighairi, hubaki kwa muuzaji. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanbali waliuruhusu utaratibu huo, ilhali wengi wa madhehebu mengine matatu ya Kisunni waliukataa, kwa kuwa muuzaji hupata fedha pasipo kutoa kitu. Wasomaji wa Biblia nao wanalifahamu neno hili, kwani katika Waefeso 1:14 Roho Mtakatifu anaitwa "arabuni ya urithi wetu", yaani sehemu iliyotangulia kutolewa kama uthibitisho kwamba iliyobaki itafuata. Katika matumizi yote mawili, arabuni hubeba ahadi pamoja na kile kinachotangulizwa.

Ahadi hiyo ndiyo inayoitofautisha arabuni na malipo ya awali. Malipo ya awali, au kianzio kama wasemavyo wanaouza vitu kwa mkopo, ni fungu la kwanza tu la bei, na maneno hayo peke yake hayasemi lolote kuhusu hatima ya fedha endapo mmoja wa wahusika atajitoa. Kwa bidhaa inayolipiwa kwa mafungu na kuchukuliwa siku hiyo hiyo, kianzio kinatosha kabisa. Kwa kitu kinachoshikiliwa ili kisiuzwe kwa mwingine, naona arabuni ndilo neno la haki. Kishika uchumba, ambalo husikika sana katika mazungumzo, lina ladha nzuri lakini si la mkataba. Rehani na dhamana yaache kando, kwa sababu hayo huhusu kinga ya deni wala si sehemu ya bei.

Jihadhari pia na umbo "rubuni", ambalo baadhi ya watu hulitumia kwa maana ya arabuni. Kitenzi kurubuni ni kumlaghai mtu kwa maneno matamu, na haipendezi hata kidogo neno hilo lijitokeze mahali panapohitaji uaminifu.

Hata hivyo, neno sahihi halitoshi likiachwa peke yake, kwa maana watu wengi hutoa arabuni wakiamini itarudishwa, na wengi huipokea wakiamini hairudi. Mwombe mwandishi wa mkataba arekebishe sentensi hiyo isomeke hivi: "Mnunuzi atatoa arabuni ya asilimia 20, ambayo itahesabiwa kuwa sehemu ya bei; mnunuzi akighairi, arabuni haitarejeshwa; muuzaji akighairi, atairejesha yote." Ikiwa mmekubaliana vingine, yaandikwe hayo mliyokubaliana, kwa uwazi kama huo, kabla ya kutia saini.