Shujaa akiaga mke na mtoto: ni chapa ya kweli ya karne ya 17?

Mkuu, umeuliza mambo mawili: huyo mwenye chapeo ni nani, na je, chapa yako, yaani picha iliyochapwa kutoka bamba la shaba, ni ya zamani kweli.

Mtazame mtoto kwanza. Akiwa amejikunyata kifuani kwa yaya, na chapeo ya shungi iko chini, huyo mwenye chapeo ni Hector, shujaa wa Troya, akiagana na mkewe Andromache. Katika Iliad, utenzi wa Kigiriki wa Homer, kitabu cha 6, mtoto analia kwa kuogopa shungi na baba anaivua. Ila wanawake wakipiga magoti mbele ya hema za jeshi, hapo hakuna kuaga. Ni Coriolanus, jemadari wa Kirumi aliyegeuka adui wa mji wake, mama yake anamsihi asiishambulie Roma. Wauzaji huchanganya hizi mbili kila siku.

Sasa shika kioo kinachokuza mara 10. Mstari wa patasi huanza mwembamba, hunenepa, kisha huchongoka tena, kwa kuwa mchongaji huizamisha patasi kwenye shaba halafu huiibua. Mstari ulioliwa na tindikali, njia nyingine ya kuchora bamba, una ncha butu. Ukivikuta vyote viwili usishtuke, wengi walianza kwa tindikali wakamalizia kwa patasi. Ukikuta vidoto vilivyojipanga safu safu, ni chapa ya mashine za kisasa. Weka kioo chini.

Alama ya bamba, ule mbonyeo unaozunguka picha, isikudanganye. Kuna nakala zilizobonyezwa makusudi, na kuna chapa halisi zilizokatwa kingo zote.

Inua karatasi kwenye mwanga. Ya enzi hizo huonyesha mistari iliyoachana kama sm 2.5, ikikatwa na mingine myembamba iliyosongamana. Karatasi laini isiyo na mistari ilianza Uingereza miaka ya 1750, kwa hiyo chapa iliyo juu yake haiwezi kuwa ya karne ya 17, hata kama bamba ni la wakati huo. Mabamba yaliuzwa na kurithiwa, yakachapwa tena hadi vivuli vya deraya vikafifia. Mistari myembamba ndiyo hufa kwanza.

Soma na maneno ya Kilatini chini ya picha: "pinxit" ni mchoraji wa picha ya rangi, "sculpsit" mchongaji, "excudit" kwa kawaida mchapishaji. Upanga kushika mkono wa kushoto si dalili ya ughushi. Chapa hutoka kinyume cha bamba, na mchongaji hakujisumbua kugeuza mchoro.

Na kama nyuma ya chapa kuna selotepu, usiibandue mwenyewe, itaondoka na karatasi.