Torvald asichezwe kama katili: mume, mke na watoto katika Nyumba ya Mwanasesere

Mleta uzi, umeeleza kwamba kikundi chenu kinaandaa Nyumba ya Mwanasesere ya Henrik Ibsen, na kwamba watu mliowaalika kwenye mazoezi waligawanyika. Wapo waliotoka wakisema Torvald, mume, ni dikteta wa nyumbani, na wapo waliosema Nora, mkewe, ni mama asiye na huruma, amewatelekeza wanawe watatu. Unauliza mfanye nini ili watu waione familia yenyewe na namna kazi za mume na mke zilivyogawanywa, badala ya kutafuta mkosaji. Nimewahi kuigiza ndani ya tamthilia hii, na baadaye nikaiongoza, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu. Naipenda sana, na naumia ninapoiona ikichezwa kama kesi ya talaka.

Anzeni na Torvald. Waigizaji wengi wakipewa nafasi hii huingia tangu mwanzo wamekunja sura, sauti iko juu, kidole kiko hewani. Mistari yake haitaki hivyo. Ni mkesha wa Krismasi, ametoka kuteuliwa kuwa meneja wa benki, miaka ya kubana matumizi inaelekea ukingoni. Anampenda mkewe kwa namna anayoijua. Anamwita ndege wake mdogo, anamwita kindi wake, anamtania kwamba pesa hazikai mkononi mwake, halafu anatoa pochi na kumhesabia: kumi, ishirini, thelathini, arobaini.

Hapo kwenye kuhesabu ndipo pa kukaa. Tulipokuwa mazoezini nilimwomba mwigizaji wa Torvald azitoe noti moja moja, taratibu, huku akitabasamu kwa dhati, na nikamwacha mwigizaji wa Nora aamue mwenyewe mwili wake ufanye nini. Alisogea hatua kwa kila noti, mikono ameificha nyuma, kama mtoto anayejua akionyesha haraka atanyimwa. Hakuna aliyemwelekeza. Watu waliokuwa wamekaa pembeni walicheka, maana palikuwa na mapenzi kati yao wawili, na palikuwa na mchezo. Sasa mtazamaji aliyecheka hapo hawezi tena kujiweka mbali na Torvald. Mambo yatakapoharibika baadaye, atakumbuka kwamba na yeye aliona mpangilio ule ni wa kawaida. Lakini Torvald akiingia anafoka, mtazamaji anajiambia "mimi siko hivyo" na tamthilia inakuwa imekwisha kwake dakika ya kumi.

Halafu kuna deni. Hakikisheni watazamaji wanaelewa sheria ya Norway ya wakati ule, ambako hadithi inatokea, la sivyo hofu ya Nora itaonekana ya kitoto. Tamthilia ilichezwa mara ya kwanza Copenhagen tarehe 21 Desemba 1879, na ndani yake Kristine, rafiki wa zamani wa Nora, anamwambia waziwazi kwamba mke hawezi kukopa bila idhini ya mumewe. Norway haikumpa mwanamke aliyeolewa hadhi ya mtu mzima kisheria hadi mwaka 1888. Kwa hiyo Nora alipotaka kumpeleka mumewe Italia akapone, alikopa kwa siri kwa mwanasheria aitwaye Krogstad na akaghushi saini ya baba yake kama mdhamini. Tarehe aliyoiweka ni siku tatu baada ya baba huyo kufariki. Mumewe alidhani fedha zilitoka kwa mkwe wake. Yaani Nora ndiye aliyeokoa maisha ya mwenye nyumba, na ndiye peke yake asiyeruhusiwa kulitaja hilo.

Angalieni pia jinsi anavyolipa. Anapunja matumizi yake ya mavazi, na majira ya baridi moja alijifungia kila usiku akinakili maandishi ya watu kwa malipo. Anamwambia Kristine kwamba alichoka mno, ila kukaa pale akifanya kazi na kupata fedha kulimfurahisha sana, ilikuwa karibu kama kuwa mwanamume. Msiupitishe mstari huo haraka. Mwigizaji wenu auseme kwa furaha kabisa, macho yanang'aa. Ndiyo mara ya kwanza tunamwona Nora akijivunia kitu ambacho hakupewa.

Nije kwenye watoto, kwa sababu hapo ndipo nusu ya watazamaji wenu ilikwama, na hapo ndipo maonyesho mengi yanashindwa. Watu wanamshangaa Nora anayeondoka mwishoni kwa kuwa hawakuonyeshwa kilichotokea mwishoni mwa sehemu ya kwanza. Torvald anazungumzia uhalifu wa Krogstad (naye aliwahi kughushi), kwamba mtu wa namna hiyo analeta sumu ndani ya nyumba yake, kisha anasema karibu wote walioharibika mapema walikuwa na mama mwongo. Nora anauliza: kwa nini mama tu? Torvald anajibu kwamba mara nyingi hutokana na mama, ingawa baba naye anaweza kusababisha. Anasema hayo kwa upole, kama mtu anayemweleza mkewe jambo linalojulikana na kila mtu, kisha anarudi chumbani kwake kufanya kazi.

Muda mfupi kabla ya hapo tumemwona Nora akicheza kibemasa na wanawe, amejificha chini ya meza, watoto wanapiga kelele kwa furaha. Ni Krogstad anayeingia na kuukatiza mchezo. Baada ya maneno ya Torvald, yaya anakuja kusema watoto wanaomba kuingia kwa mama yao. Nora anakataa. Hapana, wasije kwangu. Anabaki peke yake, amesawijika, akijiuliza kama kweli anaweza kuwa anawaharibu wanawe.

Kwa hiyo Nora hakuanza kuwaacha watoto kwenye lile lango la mwisho. Alianza pale, kwa kumwamini mumewe. Chezeni tukio la kibemasa kwa nguvu zote. Msilikate hata kama kupata waigizaji watoto ni usumbufu (najua vikundi vingi hulikata). Mtazamaji akiona upendo ule, kisha akasikia "wasije kwangu", hatapata nafasi ya kumwita Nora mama mkavu.

Yaya naye mpeni muda. Ni nafasi ndogo na wengi humpa mwigizaji mgeni asiyefundishwa. Anne-Marie alimwacha mtoto wake kwa watu ili aje kumlea Nora, kwa sababu alikuwa msichana maskini aliyeharibiwa na mwanamume na hakuwa na njia nyingine. Nora anamuuliza aliwezaje. Anasema binti yake hajamsahau, amemwandikia mara mbili: alipopata kipaimara na alipoolewa. Mara mbili katika maisha yote. Na Nora anamsikiliza huku akipima moyoni kama wanawe wangekuwa salama mikononi mwa mama huyu. Mwanamke maskini anamwacha mwanawe ili apate riziki na hakuna anayemlaumu, anaitwa yaya mwaminifu. Waigizaji wawili wakikaa karibu hapo, bila kulia, ukumbi wote unanyamaza.

Kuhusu Kristine na Krogstad, wapenzi wa zamani wanaorudiana, sitasema mengi. Wao wanaonyesha ndoa inaweza kuanza kwa watu wawili kuambiana ukweli wote kwanza. Kristine aliwahi kuolewa kwa ajili ya fedha, kwa sababu alikuwa na mama mgonjwa na wadogo wawili wa kiume wa kutunza. Asichezwe kama mjane wa huzuni tu. Ni mtu anayetaka kazi na mtu wa kumhangaikia, na anasema hivyo bila aibu.

Sasa sehemu ya tatu. Ufunguo wa sanduku la barua anao Torvald, na Nora alijaribu kulifungua kwa pini ya nywele ikavunjika. Torvald anaikuta pini, Nora anasingizia watoto. Hakikisheni sanduku hilo linaonekana tangu mapema. Torvald akishasoma barua ya Krogstad inayofichua deni na saini ya kughushi, ndipo mwigizaji wenu aruhusiwe kupandisha sauti, na itatisha kwa sababu hatujawahi kuisikia. Anasema Nora hataruhusiwa tena kulea watoto. Kisha inakuja barua ya pili, Krogstad anarudisha hati ya deni, naye anapaza sauti kwamba ameokoka. Nora anauliza: na mimi? Acheni kimya kabla ya kumjibu.

Baada ya hapo kuna hotuba yake ya msamaha, na hii ndiyo ningewaomba mfanyie mazoezi kuliko nyingine yoyote. Nora yuko chumba cha pili anavua mavazi ya dansi ya tarantela. Torvald yuko peke yake jukwaani, anasema ni utamu ulioje kwa mwanamume kujua amemsamehe mkewe, kwamba sasa amekuwa mke wake na mtoto wake pia. Anasema kwa machozi ya kweli. Mwigizaji wetu mwanzoni aliisema kwa kejeli ili watu wajue haungi mkono maneno yale. Nilimwomba aamini kila neno. Ikisemwa kwa imani, watazamaji wanawake walio na waume wapole kabisa ndio wanaoguswa zaidi, na waume zao pia.

Mazungumzo ya mwisho yafanyike wamekaa. Nora mwenyewe anamwambia Torvald aketi, na anamwambia kwamba katika miaka minane ya ndoa hii ni mara ya kwanza wanazungumza jambo zito. Kwa hiyo asifoke. Anafikiri kwa sauti, na anajua hajui mengi. Torvald anaposema hakuna mwanamume anayetoa heshima yake kwa ajili ya ampendaye, jibu lake kwamba mamia kwa maelfu ya wanawake wamefanya hivyo lisemwe kama taarifa ya kawaida.

Mtu atawashauri mlainishe mwisho. Hilo lilishafanyika Ujerumani mwaka 1880: mwigizaji Hedwig Niemann-Raabe alikataa kucheza mama anayewaacha wanawe, Ibsen akaandika mwisho mwingine ambao Torvald anamvuta Nora hadi mlango wa chumba cha watoto naye anaanguka pale. Aliuandika mwenyewe ili asiandikiwe na mtu mwingine, na mwenyewe aliuita unyama dhidi ya tamthilia. Mkiufuata, swali la kwa nini mama tu linabaki bila kujibiwa na mtu yeyote jukwaani.

Mkishapanga tena tukio la noti na lile la kibemasa, waiteni watazamaji walewale, maana wapya hawatawaambia kama kuna kilichobadilika. Ukirudi hapa na majibu yao, niko tayari tupitie sehemu ya pili kwa undani, hasa ile tarantela, ambayo sijaigusa na inahitaji uzi wake.